Shayiri Chini ya Dhahabu

Lowri Prydderch aliheshimika mjini Abercarw kwa siku tano tu, tangu Jumatatu hadi Ijumaa, na siku hizo tano alizionea haya mpaka anaingia kaburini.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kupitwa. Baba yake alichimba udongo wa kuchoma kama kuni huko vilimani Wales ya kati, akafa kwa kifua. Lowri akapelekwa kutumika majumbani akiwa na miaka tisa. Aliolewa na Ifan, mswaga ng'ombe, mtu wa vicheko, aliyekuwa akiwapeleka ng'ombe wa watu kwa miguu mpaka kwenye minada ya Uingereza. Mwaka wa sita wa ndoa yao Ifan alirudi na homa badala ya ujira. Mtoto wao wa pekee alikuwa ameshatangulia. Lowri akabaki mjane wa miaka ishirini na tisa, na chumba kimoja karibu na mashimo ya kulainishia ngozi, mahali ambapo kodi ni ndogo kwa sababu ya harufu. Ndugu hakuwa naye, ila wifi yake Mallt, dada wa marehemu, naye mjane, aliyekuwa analima na kukamua huko Blaen-nant, mwendo wa saa moja na nusu kuupanda mlima.

Bwana Meredith Havard alimchukua afagie duka lake la sufu. Duka hilo liligeuka benki kidogo kidogo bila mtu kutangaza. Wakulima walimwachia Bwana Havard fedha zao awatunzie, kwa kuwa alikuwa na sanduku la chuma. Naye akawapa vikaratasi vya ushahidi. Baadaye vikaratasi vikachapishwa vizuri, vikawa noti, na juu yake picha ya korongo amesimama kwa mguu mmoja. Wasiojua kusoma walimjua korongo. Noti ya London mtu aliigeuzageuza, akaimulika kwenye mwanga. Ya Korongo aliikunja tu akaitia mfukoni.

Kwa miaka kumi na sita Lowri aliingia mle alfajiri, akazoa majivu, akasugua ngazi za mawe, akaing'arisha kaunta kwa nta. Ilipogonga saa tatu na mlango wa mbele kufunguliwa, yeye alikuwa anatokea mlango wa nyuma na ndoo yake. Mbeba majivu hasalimiwi. Watu humpisha asije akawachafua. Hakulalamika. Kila mwezi aliweka kitu kidogo kwenye benki ileile aliyoifagia, na mwaka huo wa 1825 alikuwa na pauni saba. Zilikuwa za maziko yake. Hakutaka kuzikwa kwa sadaka ya parokia kama mama yake.

Jumatatu ya wiki ya pili ya Desemba, gari la barua lilileta habari kwamba benki moja kubwa ya London imefunga milango. Hapakuwa na mtu mjini aliyejua kama Bwana Havard alikuwa na fedha zake huko. Wakubwa walimuuliza mwenyewe, akacheka nao, akawamiminia divai. Wadogo walimtafuta wa kumuuliza. Wakamwona Lowri.

Wa kwanza alikuwa Siwan, mke wa mchinjaji, mwanamke mnene wa mdomo mkali ambaye kwa miaka yote hiyo hakupata kumwita Lowri kwa jina.

"Lowri mwanangu," alisema, naye wala hakuwa na umri wa kumzaa. "Baridi hii, na wewe na ndoo! Pita ndani uote moto kidogo."

Lowri akapita. Akapewa kiti, akapewa na kipande cha ini kwenye karatasi.

"Wewe ndiye mtu wa ndani mle," Siwan akasema. "Hebu niambie, mwanamke kwa mwanamke. Zimo?"

"Mimi nafagia tu, mama."

"Anayefagia ndiye anayeona. Bwana huona anachotaka kuona."

Lowri alilitazama lile ini. Alikumbuka kweli kuliona sanduku la chuma limefunguliwa, mwezi wa Oktoba, na mifuko ndani yake. Akasema, "Zimo. Nimeziona kwa macho yangu."

Kufikia Jumatano hakuweza kuvuka mtaa bila kusimamishwa. Waliomwita "we mama wa majivu" walianza kumwita Mama Lowri. Mzee wa kanisa alimpisha kwenye mlango wa duka la unga. Naye, lazima isemwe, alinogewa. Kila alipoulizwa aliongeza neno: mara mifuko ilikuwa mizito hata sakafu inalia, mara Bwana Havard hana wasiwasi, analala kama mtoto. Hakujua Bwana Havard analalaje. Usiku alijilaumu kidogo, na asubuhi akapiga kitambaa chake kichwani vizuri zaidi kuliko siku zote.

Ijumaa ilikuwa siku ya soko. Alipofika alfajiri alimkuta Bwana Havard amesimama jikoni na shati la jana, hajanyoa.

"Lowri," alisema taratibu, "nenda ghalani ukanijazie ndoo nne za shayiri. Zile ndoo mpya. Usijaze mpaka juu."

Lowri akazileta moja moja. Bwana Havard akatandika kitambaa cheusi juu ya shayiri ya kila ndoo, kisha akamwaga juu yake sarafu za dhahabu na fedha mpaka zikafurika ukingoni. Ukitazama kutoka upande wa wateja, ungeapa kuwa ni fedha tupu kutoka juu hadi chini. Wakazibeba wote wawili wakazipanga nyuma ya kaunta, na Lowri akapangusa chembe za shayiri zilizodondoka sakafuni.

"Ni mpaka jioni tu," alisema bwana bila kumtazama. "Gari la saa tisa linaniletea dhahabu kutoka Bristol. Watu wakiogopa leo, watanibomoa kabla haijafika. Wasipoogopa, hakuna atakayepoteza hata peni. Unanielewa?"

"Naelewa, bwana."

"Wanakuamini wewe kuliko mimi. Nimesikia."

Maneno hayo yalimpasha joto, na baadaye maishani mwake ndiyo aliyoyachukia kuliko yote.

Saa tatu mstari ulikuwa umeshapita duka la mishumaa na kukunja kona. Wanaume wa milimani na mikongojo, wanawake wanafuma soksi wakiwa wamesimama, maana huko kwetu mwanamke hawezi kusimama na mikono mitupu hata akiwa anangoja kufilisika. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kuudhi. Mallt alikuwa katikati ya mstari, ameloa mpaka magotini, soksi ya kijivu imening'inia kwenye sindano zake.

"Wifi!" aliita alipomwona Lowri akitokea na ndoo. "Naambiwa siku hizi wewe ni bibi wa benki. Mbona hata kikombe cha maziwa hutuletei huku kwenye mvua?"

Watu wakacheka. Lowri naye akacheka. "Mtu wa Blaen-nant na mvua! Nyie si mnazaliwa mmeshaloa?"

"Tunazaliwa tumeloa lakini hatuzaliwi na kodi." Mallt akashusha sauti. "Sikiliza, wifi yangu. Nina pauni thelathini na mbili mle. Mkataba wa shamba unakwisha Machi, na mwenye ardhi anataka zote mkononi, nisipokuwa nazo anampa mwingine. Nimemwacha ng'ombe ana mimba na hakuna wa kumtazama. Nikisimama hapa ni mpaka jioni. Sasa niambie kweli. Nisimame au niende?"

Sindano za mstari mzima zilikuwa zimesimama. Lowri aliona nyuso zinamgeukia, nyuso za watu waliokuwa wakimpisha na ndoo yake.

"Nenda kamtazame ng'ombe wako," akasema. "Kuna ndoo nne pale nyuma ya kaunta, zimejaa mpaka zinamwagika. Nimezibeba kwa mikono hii."

"Na zako? Zako bado zimo?"

"Zimo. Sijazigusa, wala sitazigusa."

Mallt alimtazama kidogo, akakunja soksi yake, akaitia kwapani. "Basi. Mimi wifi yangu akishasema, sina la kuongeza." Akaondoka kwa ule mwendo wake wa kupanda mlima. Nyuma yake wakatoka kwenye mstari watu kumi. Lowri aliwahesabu, hakujua kwa nini. Mzee Cadwgan mfuga nyuki ndiye aliyekuwa wa mwisho, alimvulia kofia. Nyuma ya kioo, Bwana Havard alikuwa anatazama.

Gari la barua lilifika saa tisa na robo. Halikuleta dhahabu. Lilileta barua moja.

Saa kumi, milango ilipokwisha kufungwa na kiza cha Desemba kuanza kuingia, Lowri alikuwa anasugua matope ya watu sakafuni. Bwana Havard akamwita. Mbele yake mezani palikuwa na sarafu saba za dhahabu.

"Chukua zako."

"Bwana, nimesema sitazigusa."

"Chukua, Lowri. Kesho nitafungua asubuhi nilipe kadiri nitakavyoweza, na baada ya hapo sijui. Miaka kumi na sita umenifagilia. Sitaki uwe dhambini mwangu." Akazisukuma mpaka ukingoni mwa meza. "Ila usimwambie mtu. Ukimwambia mmoja tu, watakuja wote."

Angeweza kuziacha pale. Mara nyingi baadaye alijiona akiziacha, akiondoka, akifunga mlango taratibu. Lakini alifuta mikono kwenye aproni, akazichukua.

Alivaa shali akatoka kwenda Blaen-nant. Hilo nalo ni kweli, alitoka. Alifika darajani. Kama angeendelea, Mallt angekuwa wa kwanza mlangoni asubuhi. Pale darajani mvua ilikuwa imegeuka theluji laini, na Lowri akaanza kuyapanga maneno. Nitasema nimejuaje? Nitasema ndoo zilikuwa na nini? Nikisema zangu ninazo mfukoni, wifi atanitazama vipi? Akaja mtu na taa, mchunga kondoo anayerudi kutoka sokoni, akamwamkia kwa heshima, "Habari za jioni, Mama Lowri." Akaitikia. Kisha, kama vile salamu hiyo ndiyo iliyomgeuza, akarudi mjini. Alijiambia kwamba huenda dhahabu ikaja kesho.

Jumamosi benki ililipa tangu saa tatu mpaka saa tano kasorobo. Siwan na mumewe, ambao hawakumwamini mtu, walikuwa wa nne mlangoni na wakapata zao zote. Saa tano milango ikafungwa na karatasi ikabandikwa. Mchana watu walivunja vioo. Walipoingia walizikuta ndoo nne, na shayiri imemwagika kila mahali, na kuku wa jirani wameshaingia wanadonoa.

Hakuna aliyemlaumu. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa adhabu yake. Kila mtu alidhani naye amepoteza. Nani angemlipa mfagizi na kuwaacha wakulima? Jumatatu Mallt alishuka mlimani, na Lowri alipomwona anakuja alitamani ardhi impasukie. Mallt akamkumbatia.

"Maskini wifi yangu. Na za maziko yako zimekwenda! Yule mwizi. Kukutumia wewe!"

Lowri alilia, na Mallt akampangusa machozi kwa pembe ya shali. Sarafu saba zilikuwa zimeshonewa kwenye godoro la makapi walilolikalia.

Kanisa likachangisha kwa ajili ya waliopoteza. Mzee wa kanisa alisoma majina, na la Lowri lilikuwamo. Akasimama mbele ya watu wote, akapokea mfuko wa unga wa oti, akasema asante. Akaupika, akaula. Mkate ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomtia uchungu.

Machi ikafika. Mwenye ardhi akampa mtu mwingine Blaen-nant. Siku ya mnada Lowri alisimama uani pamoja na wengine huku dalali akiuza ng'ombe, ndama wake, jembe, chombo cha kusukia siagi, mpaka kitanda alichozaliwa Ifan. Mallt hakulia. Alishika kifurushi chake na sindano zake za kufumia, akamgeukia Lowri.

"Utanipa pa kulala, wifi? Mpaka nijue la kufanya."

Hivyo wakawa wanalala godoro moja. Miezi mitano. Mallt alikuwa analala upande wa ukuta, penye sarafu, na mara moja alisema godoro hilo lina donge, labda ni kipande cha bua. Lowri akambadilisha upande.

Wengine husema kwamba ukweli ulimtoka kwa sababu ya mahubiri. Si kweli. Ulimtoka kisimani, mwezi wa Agosti, saa nne ya asubuhi, kwa sababu ya Siwan. Wanawake walikuwa wanateka maji, Lowri na Mallt wakiwamo. Siwan alikuwa na kinyongo kidogo siku hiyo, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi ini langu sikulitupa bure. Nilimtazama machoni nikajua anasema uongo, nikamwambia mume wangu, tuamke mapema. Yule alijua."

Mallt akatua ndoo. Alikuwa mdogo wa mwili, lakini amezoea kuwafokea ng'ombe.

"We Siwan! Funga hilo domo lako kabla sijalijaza maji! Huyu alijua nini? Huyu amepoteza kila kitu kama mimi. Aliaminiwa akadanganywa. Anagawana nami mkate wa mwisho, na wewe uliyepata zako zote, umegawana na nani? Umegawana na nani, nakuuliza?"

Wanawake wakaguna kumuunga mkono. Siwan akageuka mwekundu. Lowri alimwona Mallt amesimama miguu imepanuka, shingo imevimba, anampigania, na hakuweza kuvumilia tena.

"Nilijua," akasema.

Mallt hakusikia. "Hebu mtazameni—"

"Mallt. Nilijua."

Bomba la kisima likawa linatiririka juu ya ndoo iliyojaa.

"Ulijua nini?" Mallt akauliza.

"Shayiri. Niliijaza mimi. Alfajiri, kabla hujafika."

"Na zako?"

"Ninazo."

"Tangu lini?"

"Ijumaa ileile. Saa kumi jioni."

Mallt alitazama chini, na midomo yake ikawa inasogea, kama mtu anayepima safari. "Saa kumi," akasema. "Saa kumi mimi nilikuwa namkamua ng'ombe. Ungefika ninamaliza kula. Ningeshuka alfajiri."

"Nilifika darajani," Lowri akasema.

"Darajani."

"Nikarudi."

Mallt hakumpiga, hakumtukana. Aliinua ndoo yake akaenda zake, na maji hayakumwagika hata tone. Wanawake wengine wakatawanyika mmoja mmoja. Siwan peke yake ndiye aliyebaki, naye, ajabu, alimtekea Lowri maji, akamwekea miguuni, akaondoka.

Jumapili Lowri alisimama kanisani akarudia yote, pamoja na habari ya unga. Walimtoa kwenye ushirika kwa nusu mwaka. Walipomrudisha, aliendelea kukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na hakuna aliyemwita mbele. Alizitoa sarafu godoroni, akazivunja kuwa shilingi, akaenda nyumba kwa nyumba kwa wale kumi waliotoka kwenye mstari. Mmoja alizitupa barabarani, kisha akamtuma mkewe kuziokota. Wengi walizipokea bila kumkaribisha ndani. Mzee Cadwgan alizitia mfukoni, akamwambia, "Wewe ulikuwa nani hata nikuamini? Nilichoka kusimama kwenye mvua, nikasikia nilichotaka kusikia." Lowri alitaka kumshukuru, lakini aliona kwamba kushukuru ni kujipa msamaha kabla hajapewa.

Zilizobaki, pauni tatu na kitu, alizileta kwa Mallt, akaziweka mezani.

"Sizitaki," Mallt akasema, anafuma.

"Ni zako."

"Zangu zilikuwa thelathini na mbili, na zilikuwa na shamba ndani yake. Hizo nunulia udongo wa kuchoma. Baridi haijui nani kamkosea nani."

Lowri akanunua. Majira yale ya baridi chumba chao kilikuwa na moto kuliko vyumba vyote vya mtaa ule, na wanawake wawili wakauota bila kuongea.

Mallt hakuhama. Hakuwa na pa kuhamia. Kwa miaka miwili walisema yale ya lazima tu: chumvi imekwisha, funga mlango, sogea. Hakumwita wifi tena. Alimwita Lowri, kama mgeni. Mwaka wa tatu wasimamizi wa ufilisi waligawa kilichopatikana, shilingi mbili na nusu kwa kila pauni ya shilingi ishirini, na Bwana Havard alikuwa ameshafariki nyumbani kwa ndugu wa mkewe. Siku hiyo Mallt alirudi na sehemu yake, akakaa muda mrefu, halafu akaanza kucheka, kicheko kikavu. "Nitanunua mbuzi," akasema. "Mbuzi mmoja, wifi. Tutamfunga wapi katika harufu hii?"

Lowri aliinama akachochea moto uliokuwa unawaka vizuri, ili asionekane uso.

Mbuzi walimnunua kweli, akawa mtukutu, akala shali ya mzee wa kanisa. Lowri aliishi baada ya hapo miaka kumi na tisa, akifua nguo za watu. Mtaani walimjua kwa jambo moja: hakuwa akithibitisha kitu chochote. Ukimuuliza kama mwokaji amefungua, atakwambia nenda ukaone. Ukimuuliza kama mvua inanyesha, naye ametoka nje sasa hivi na kichwa kimeloa, atakwambia toa mkono wako. Watoto walimfanyia mzaha kwa hilo, na Mallt aliwafukuza kwa ufagio, lakini mwenyewe alikuwa anacheka.

Lowri alizikwa na parokia, kwa sadaka, kama mama yake. Mallt alitembea nyuma ya jeneza peke yake, anafuma.